Mama Kavuo Florentine na Nyayo Nyuma ya Vichanja

Jumamosi tarehe 28 Juni 2025, akiwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi miwili ya kazi, Mama Kavuo Florentine, moniteur wa kilimo, yaani mshauri wa wakulima, wa Koperative Tujikaze, atarudisha buti zake za mpira ghalani na kustaafu. Mtunza ghala ni mimi, Siméon, na nimekwisha kumwambia kwamba buti hizo akae nazo. Zimekanyaga kila aina ya tope lililoko kati ya Butembo na Beni, na hakuna mtu mwingine hapa mwenye haki ya kuzivaa.

Kamati iliponipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya programu ya sherehe, nilikwenda kumwuliza Mama angependa tuseme nini. Akanipa sharti moja tu. Tuandike pia kosa lake, na tuliandike pamoja na jina la Hassan Kambale, yule dereva wetu wa zamani aliyeondoka hapa akiitwa mwizi. Bila hilo, alisema, sherehe tutaila wenyewe na yeye atabaki kwake akipalilia maharage. Wanaomfahamu wanajua kwamba hakuwa anatania.

Basi tuanzie mwanzo. Mama Kavuo ni mzaliwa wa Kayna, binti wa wakulima Wakatoliki waliomsomesha kilimo hadi diploma, wakati ambapo wasichana wengi walielekezwa kwenye ushonaji. Alifika Butembo kutafuta kazi Aprili 1994. Wazee waliokuwepo wanasimulia kwamba alipotakiwa kwenye mtihani awataje maadui wa kahawa, aliomba ruhusa atoke nje kidogo. Akarudi na viatu vyenye udongo na jani moja lililotafunwa ukingoni, akaliweka mezani, akawaomba mabwana wale watatu wamwambie ni nani aliyelila. Hakuna aliyejua. Aliajiriwa siku hiyohiyo, nadhani kwa sababu ya aibu kuliko sababu nyingine yoyote.

Tangu hapo hakubadilika. Mkulima akija bureau, ofisini kwetu, akilalamika kwamba wanyama wamemaliza shamba, moniteur wa kawaida huandika kwamba wanyama wameharibu, hupiga muhuri, halafu huenda kula. Mama Kavuo aliuliza swali moja: mnyama gani? Kisha alipanda moto, yaani pikipiki, hadi shambani, akamkalisha mkulima chini katikati ya hasara yake na kumfanya aitazame. Bua la muhindi limekatwa chini kwa mshazari, safi kabisa: huyo ni simbilisi, yaani ndezi. Udongo umefumuliwa na mihogo imeng'olewa kwa pua: nguruwe pori. Hindi limeumwa mara moja likatupwa, na la pili hivyohivyo, na la tatu: makako, yaani kima, ambao hawana subira. Lakini majina hayo nayataja mimi. Yeye hakuyataja. Alitoa dalili moja, halafu ya pili, halafu ya tatu, na mkulima alipokasirika akamwambia aseme tu yaishe, alimjibu bila haraka:

"Mi niko narudi Butembo. Kesho ukibaki hapa peke yako, utauliza nani? Angalia muzuri, baba."

Matunda ya kazi hiyo yanaonekana hadi leo Mulekera na upande wa Kamango. Wakulima wetu hawategi tena mitego ovyo kila mahali. Wanajua mgeni wao ni nani na anapitia wapi. Mwenye nguruwe anachimba mtaro, mwenye simbilisi anafyeka nyasi za ukingoni. Mavuno yamepona, na huko porini viumbe wengi ambao hawakuhusika wamepona pia.

Halafu kulikuwa na Jumamosi zake. Mara moja kwa mwezi aliwakusanya wafanyakazi pamoja na wake, waume na watoto wao, akatupeleka nje kwa ajili ya fumbo la wanyama. Miaka ambayo njia zilipitika tulifika hadi karibu na Kamango, tukasimama chini ya miti ambayo watu sita hawawezi kuizunguka kwa mikono. Njia zilipoharibika tulibaki na visitu vya karibu, na Mama hakunung'unika hata siku moja. Ukingo wa mto mdogo ulimtosha. Hata ua la mikaratusi nyuma ya shule lilimtosha, maana kulikuwa na kinyonga.

Kanuni zilikuwa chache. Kwanza tulikaa kimya dakika kumi, na mwenye simu aliizima. Kwa watu wa Butembo, ambao huongea biashara hata usingizini, ukimya ule ulikuwa adhabu mara ya kwanza na raha mara ya pili. Masikio yakishatulia, ulianza kusikia: mabawa ya hondohondo yakivuma juu ya vichwa, kima wakigombana mbali, matone ya ukungu yakianguka kwenye majani mapana. Baada ya hapo mmoja alisimama na kutoa dalili kana kwamba yeye ndiye mnyama.

"Mi natembeaka na mikuki ku mugongo, lakini vita hapana kupigana," Mama alipenda kuanza. "Nikipita fasi, naachaka moja chini. Niko nani?"

Watoto walipiga kelele kwamba ni nungu, na siku zote alikuwepo mmoja mwenye mwiba wa nungu mfukoni wa kuthibitisha. Aliyekosa mara tatu alibeba sufuria ya sombe, majani ya mihogo yaliyopikwa, hadi mahali pa kula. Mwenyekiti wetu, Bwana Henri Kasika, ameibeba sufuria hiyo kwa miaka mingi, na kwa kweli anaibeba vizuri.

Mimi pia nina aibu yangu. Siku moja nilikuta kando ya njia vishimo vyembamba vilivyopangwa kwa umbali sawa, nikawaita watu wote. Nikaeleza kwa dakika tano jinsi ndege mwenye mdomo mrefu anavyochoma tope akitafuta minyoo, na jinsi huyu alivyopita hapo asubuhi ileile akielekea mtoni. Mama Kavuo alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima kubwa. Kisha akauchoma mwavuli wake chini, kando ya kishimo changu cha mwisho, akauchomoa, akaendelea na safari. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na sufuria siku hiyo ilikuwa imejaa.

Sasa nafika kwenye sharti lake. Novemba 2023, kakao iliyokuwa ikikauka kwenye vichanja vya hangari yetu ya Beni ilianza kupungua. Kila asubuhi turubai lilipofunuliwa, pembeni palikuwa na sehemu tupu, kana kwamba mtu amechota kwa mikono miwili. Wafanyakazi walianza kutazamana vibaya. Kamati ikamwita Mama Kavuo. Ingemwita nani mwingine? Alikuja, akachuchumaa, akatazama kwa nusu saa nzima. Aliona mambo mawili. Hapakuwa na ganda hata moja, na panya hula palepale na kuacha maganda. Tena nyuma ya vichanja palikuwa na nyayo za miguu mitupu, za mtu mzima mmoja, zikitoka bombani na kurudi, mpya kila alfajiri. Mtu anayevua viatu, alisema, hataki kusikika.

Hakutaja jina. Alitoa dalili zake kama kawaida yake, na safari hii sote tulikuwa wepesi wa kufumbua. Mtu mmoja tu aliingia uani mapema hivyo: Hassan Kambale, aliyepakia lori lake la Fuso kabla ya jua ili awahi kupeleka magunia Butembo.

Hassan alikuwa amebeba mizigo yetu kwa miaka kumi na minne. Siku ya kupima kakao, mbele ya wakulima zaidi ya mia moja, mwenyekiti alimwambia atoe gari lake uani na asirudi tena. Hassan alitazama huku na huku, akatutazama mmoja mmoja.

"Wallahi, hapana mimi," alisema tu, akapanda, akawasha gari.

Habari ilifika sokoni kabla yake, na tangu siku hiyo hakuna mfanyabiashara wa Beni aliyemkabidhi gunia la kakao. Alibaki akibeba mchanga na matofali. Msimu ulipokwisha vichanja vikawa vitupu, hakukuwa tena na cha kupotea, na sisi tukauchukua utulivu huo kama ushahidi.

Oktoba 2024, Jumamosi ya fumbo ilifanyika kwenye kisitu kilicho nyuma ya hangari hiyohiyo. Zamu ya kutoa dalili ilimfikia Jemima, mama anayegeuza kakao vichanjani. Akasimama, akafuta mikono kwenye kitenge chake.

"Mi chakula hapana kulia fasi nimeipata. Naijazaka mu mashavu, naenda kuiweka ku nyumba, chini ya udongo. Na ku miti napandaka. Niko nani?"

Watu walitaja kima, wakataja popo, wakataja kindi. Jemima alicheka sana. Ni motomba, alisema, yule panya mkubwa wa msituni mwenye mkia mweupe nchani. Baba yake aliwahi kufukua shimo la mmoja akakuta karanga, chikichi na kijiko cha mama yake.

Hapa inafaa wageni waelewe jambo moja. Kwetu motomba hahesabiwi pamoja na panya. Panya ni yule wa jikoni, anayelaaniwa na kutegewa. Motomba ni kitoweo, anauzwa kando ya njia akiwa amekaushwa kwa moshi, na hakuna mtu anayemfikiria kuwa mwizi. Sote tulimjua sahanini kuliko mahali pengine popote. Mama Kavuo, aliyesoma alama za kila kiumbe kuanzia siafu hadi tembo, alikuwa amemla tangu utotoni, na hakuwahi kumweka kati ya washukiwa.

Siku hiyo hakucheka. Aliweka sahani yake chini, akatembea hadi hangarini, nasi nyuma yake. Alipapasa miti ya vichanja, akatuonyesha mikwaruzo midogo upande wa juu, mahali ambapo mwaka uliotangulia hakutazama, kwa kuwa alitazama chini tu. Akaomba jembe. Hatua ishirini kutoka hapo, chini ya kisiki, tulifukua kakao ya kujaza beseni mbili, nyingine imeota ukungu wa tangu msimu wa nyuma, pamoja na kifuniko cha soda na kalamu ya bluu ambayo mwenyekiti alikuwa ameitafuta muda mrefu. Mama Kavuo alikaa juu ya kile kisiki, akalia mbele ya watoto.

Jumatatu alikwenda Mulekera, nyumbani kwa Hassan, akakiri kosa lake kabla hajaketi. Hadjara, mke wa Hassan, alimpa kiti na chai kwa sababu ya adabu aliyolelewa nayo. Ndipo Mama alipoambiwa maana ya zile nyayo. Kila alfajiri, kabla ya kupakia, Hassan alitawadha bombani na kwenda kuswali kwenye saruji iliyo nyuma ya vichanja, kwa sababu ndipo mahali pekee palipokuwa safi. Viatu aliviacha kando, kama kila Mwislamu anavyofanya.

"Kama mungeniuliza, ningesema," Hassan alimwambia. "Hakuna mutu aliniuliza, mama."

Maneno hayo alirudi nayo, na tangu siku hiyo fumbo lake limepata kanuni moja zaidi, ambayo watoto wetu sasa wanaijua kwa moyo:

"Munyama tunamutafutaka mu alama sababu yeye hapana kusema. Mutu iko na kinywa. Mumuulize."

Kamati kwa upande wake ilimwandikia Hassan barua ya kumrudisha kazini. Hakuifungua mara ya pili. Alituma jibu kwa mdomo:

"Mulinifukuza mbele ya batu bote, sasa munanirudisha mu bureau, mulango imefungwa? Hapana. Jina yangu iliharibikia inje, muitengeneze inje."

Hapo kamati ikasita. Tukisema hadharani tutaiaibisha koperative, wengine walisema. Wanunuzi watasikia, wakulima watatucheka. Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, alimshauri Mama aliache jambo hilo, muda utalifuta.

"Hapana, président," Mama alijibu. "Hassan hapana kuiba. Mimi njo nilikosa, na banani njo balimufukuza? Siye bote."

Kwa miezi saba alirudia maneno hayo katika kila kikao, hadi katibu akaacha kuyaandika. Aliyasema kwenye kikundi cha akina mama parokiani. Aliyasema sokoni Beni, amesimama na kikapu, kwa yeyote aliyekuwa tayari kusikia. Hassan alimshukuru, lakini alitaka koperative yenyewe iseme, na alikuwa na haki yake. Mwishowe kamati ilipopanga kumnunulia Mama friji kama zawadi ya kustaafu, alikataa. Alisema wamsafishie Hassan jina, na friji waiweke bureau wapozee maji ya mikutano. Nimemfahamu mama huyu kwa miaka mingi, nimemwona akimtambua mnyama kwa unywele mmoja ulionaswa kwenye mwiba, na bado sijawahi kumheshimu kama nilivyomheshimu siku ile. Mwezi uliopita kamati ilikubali.

Kwa hiyo sherehe haitafanyika hotelini Butembo kama ilivyopangwa. Itafanyika uani kwenye hangari ya Beni, mbele ya mizani, na wakulima wote wamealikwa. Hassan ametuma neno kwamba atakuja, na kwamba atasikiliza kwanza kabla ya kuamua kama atakula. Kabla ya sala, kabla ya hotuba, tamko litasomwa. Kamati ilitaka lisomwe na mwenyekiti. Mama Kavuo akasema hapana, asome Siméon. Hakuieleza kamati kwa nini, na mimi hakuhitaji kunieleza.

Ufunguo wa hangari hiyo ni wangu. Kwa miaka kumi na minne nilimfungulia Hassan lango kila alfajiri, nikamwona akitandika mkeka wake pale kwenye saruji, viatu kando. Tulisalimiana, nikaenda zangu kuchemsha chai. Siku ile Mama alipozionyesha nyayo nilijua ni za nani na ni za kazi gani. Nilinyamaza, kwa sababu kakao ikipotea, baada ya dereva anayefuata kushukiwa ni mwenye ufunguo. Nilimtazama rafiki yangu akipanda gari lake na sikufungua mdomo.

Mama Kavuo alitoka kwa Hassan Jumatatu ile akaja moja kwa moja ghalani. Hakunionyesha alama yoyote. Aliniuliza tu kama nilijua, nami nikamwambia ndiyo. Tangu siku hiyo hajamwambia mtu, wala hajanisukuma, na kila mwezi ameendelea kuniita kwenye Jumamosi zake na kunikatia ndizi kama wengine. Amengoja nilitoe neno hilo mwenyewe. Kamati itakaposoma karatasi hii italijua pamoja nanyi.

Mama, kwa niaba ya wafanyakazi na wakulima wote wa Tujikaze, asante kwa miaka thelathini na mmoja, kwa mashamba uliyotufundisha kuyatazama na kwa subira uliyonionyesha mimi nisiyeistahili. Mungu akupe siku ndefu na zenye amani huko uendako, na maharage yako yasiguswe na mnyama yeyote. Jumamosi nakuomba uketi mbele, karibu na Hassan, mahali nitakapowaona nyote wawili nikisema kwamba hakuiba, na kwamba mimi nilijua.